Nani Alipaye Ushuru wa Forodha?

Jioni hii twapenda kuzungumza habari za ushuru wa forodha, na hasa ugomvi uzukao pale nchi kadhaa zinapokubali kutoza ushuru mmoja.

Mtu wa Njombe ateremkapo Makambako, mahali reli ya TAZARA na barabara kuu ya Zambia zinapokutana na njia ya Songea, akanunua unga wa ngano dukani, haoni afisa wa forodha mbele yake. Hata hivyo ushuru umo ndani ya bei. Ngano ya ng'ambo ikitozwa sana, mpika maandazi hulalamika. Ikitozwa kidogo, mkulima wa ngano wa Makete hukosa bei nzuri.

Jambo hili lilikaribia kuleta vita Marekani. Mwaka 1828 ushuru wa bidhaa za ng'ambo ulipandishwa ili kulinda viwanda vya kaskazini. Wenye mashamba ya pamba wa South Carolina, waliolimiwa na watumwa, waliona kwamba wanalipa bei kubwa kwa faida ya wengine. Novemba 1832 jimbo lao likatangaza kwamba sheria ile ni batili ndani ya mipaka yake. Rais Andrew Jackson alikuwa tayari kutumia nguvu, lakini mwaka 1833 wakapatana kwamba ushuru upunguzwe kidogo kidogo.

Huku kwetu manung'uniko yalifanana na hayo. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikaingizwa kwa hatua, mwaka 1923 na 1927. Ushuru mkubwa uliwekwa juu ya vitu kama ngano na siagi, vitu ambavyo walowezi wa Kenya walivitoa katika mashamba yao. Mnunuzi wa Tanganyika alilipa zaidi, na hazina ya nchi yake ikakosa fedha ambazo ingezipata kama vitu vile vingetoka ng'ambo. Sir Sydney Armitage-Smith, aliyechunguza fedha za Tanganyika, aliitaja hasara hiyo katika taarifa yake ya mwaka 1932. Muungano ukaendelea vile vile.

Mwaka 1961 uliundwa mfuko wa kugawana sehemu ya mapato, nao haukutosha, kwa kuwa viwanda vilizidi kujengwa Kenya. Ndipo mwaka 1964, huko Kampala, nchi tatu zikagawana viwanda vyenyewe: Tanganyika ipewe tairi, Uganda baiskeli, Kenya taa za umeme. Kwa karatasi yalikuwa mapatano mazuri. Kenya haikuyathibitisha, ikajenga kiwanda chake cha tairi Nairobi; Tanzania ikajenga chake Arusha. Watu wa Makambako, mji wa malori, wajua tairi ni kitu gani!

Mkataba wa mwaka 1967 uliiruhusu nchi iliyonunua kwa jirani kuliko ilivyomuuzia itoze kodi juu ya baadhi ya bidhaa za viwanda vyake. Dawa hiyo ilikuwa na maana, kwa maoni yetu, ila haikuweza kuponya magomvi mengine ya siasa na fedha. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi 1983.

Jumuiya mpya ilianza ushuru wa pamoja Januari 2005. Safari hii Kenya ilikubali kwamba baadhi ya bidhaa zake zilipe ushuru uendao ukipungua hata ufikapo mwaka 2010, wakati za wenzake ziliingia kwake bure. Tena, nchi isiyoridhika na kiwango cha pamoja haitangazi kwamba ni batili, kama ilivyofanya South Carolina. Huomba ruhusa ya kutoza kiwango chake kwa mwaka mmoja. Ngano ni mfano. Kiwango cha pamoja ni asilimia 35, lakini kwa miaka kadhaa Tanzania imeruhusiwa kutoza 10. Wenye vinu hufurahi. Mkulima wa Makete naye hupeleka magunia yake sokoni, akashindana na ngano iliyovuka bahari.