Mahasimu wa Mantiki
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanaharakati na waumini, Msambweni



Tumeombwa tuzungumze juu ya mantiki, nasi tumeona afadhali tuanze na mahasimu wake. Neno lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake ni kutamka. Mwenye mantiki, basi, ni yule awezaye kutamka kwa nini anaamini anachoamini. Kinyume chake Kiswahili kimekipa majina mengi, na majina hayo hayalingani. Anayeyachanganya humtibu mgonjwa wa tumbo kwa dawa ya macho.

Upo upuuzi, na zipo porojo. Hizo huvuma barazani hadi kahawa ikaisha, kila mtu akaenda zake. Upo na ubishi, wa mtu anayebisha ili tu asishindwe. Hayo tuyapite. Yanayotuhusu sisi wa Pwani ya kusini ni jazba na uchochezi. Jazba asili yake ni kuvutwa. Wanaohudhuria dhikri wanaijua kwa maana yake njema. Katika siasa, aliyeshikwa na jazba huvutwa na binadamu aliyeshika kamba. Na uchochezi umetoka jikoni: kuchochea ni kusukuma kuni katika moto unaowaka tayari. Mchochezi hafanyi kazi kwa uongo mtupu. Anahitaji kuni kavu.

Kuni zetu ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wadai mashamba yao mbele ya serikali ya kikoloni. Yasiyodaiwa yakawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Baada ya uhuru, wengi wakabaki maskwota penye makaburi ya babu zao, na viwanja vya ufuo wa Diani wakagawiwa wenye kujuana na wakubwa. Huo si uzushi.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi 6 na kuchukua bunduki zaidi ya 40. Vijana hao walikuwa wamelishwa kiapo msituni, Kaya Bombo, na kupewa hirizi za kuwakinga na risasi. Mashambulizi yakaenea hadi huku Kwale. Watu zaidi ya 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakahama makwao. Maelfu walijihifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni.

Tuzisikilize hoja walizopewa vijana wale. Ardhi yetu imechukuliwa. Waliochukua ni wabara. Huyu muuza mboga ni mbara. Basi mwizi ni huyu. Sentensi ya kwanza ni kweli. Ya pili ni nusu ya kweli, kwani miongoni mwa waliochukua walikuwamo wageni wa ng'ambo na wenyeji vilevile. Ya tatu ni kweli. Hitimisho halisimami hata kwa gongo: kusema waliochukua ni wabara si kusema kila mbara amechukua. Hati za ufuo zilitiwa sahihi ofisini, hazikutiwa sahihi penye meza ya mboga. Muuzaji yule alikuwa mpangaji, pengine katika nyumba ya Mdigo. Tena alipofukuzwa yeye, hakuna skwota aliyepata hati.

Ni rahisi kuzicheka hirizi. Lakini hoja ile ya mboga iliaminiwa hata na waliosoma.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja yake. Wakuu wa KANU walitabiri kwamba vyama vingi vitaleta vita vya makabila. Vita vilipotokea, wakasema: mnaona? Tuangalie kalenda. Mapigano ya Bonde la Ufa yalianza Meteitei mwezi Oktoba 1991. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Watasema madai yalikuwa yamekwisha kuanza. Naam, lakini anayedai kura hajashika upinde. Mwaka 1992 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ilisema wanasiasa ndio waliochochea. Na ya Likoni yalitokea miezi minne tu kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba 1997, wakakimbia watu waliotazamiwa kuupigia kura upinzani. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilimaliza kazi mwaka 1999. Ripoti yake ikafungiwa hadi mwaka 2002. Mwenye hoja nzuri haifungii kabatini.

Katika miaka hiyohiyo, neno mchochezi lilitupwa kwa kila aliyeuliza habari ya katiba. Akishaitwa hivyo, hakuhitaji kujibiwa. Katika kambi ya mageuzi neno msaliti limefanya kazi iyo hiyo, hasa kwa anayeuliza hesabu ya michango. Jina si jibu, liwe limetoka Ikulu au limetoka kwetu.

Karatasi mlizogawiwa zina madai manne juu ya ardhi. Mkae wanne wanne, kwa kila dai mwandike ni nani aliyetia sahihi, mwaka gani, na ni nani aliyefaidika. Walioketi mlangoni ndio watakaoanza kusoma.