Waandikwe Pia Waliobaki Njiani



Nimeombwa niseme tulivyofika. Oktoba 1996, vita vilipoingia Uvira, nilikuwa na miaka saba. Baba alitoa cherehani ya mama kuwa nauli ya boti. Usiku wa kwanza na wa pili tulifuata mwambao wa ziwa kuelekea kusini: Makobola, Mboko, hadi Baraka. Mchana mashine ilizimwa, tukajificha kwenye matete. Tulikula mihogo mibichi, tukanywa maji ya ziwa. Pale Ubwari, Nyanya mzaa mama akaishiwa nguvu. Alibaki kwa wavuvi, akasema, "Vusheni watoto." Usiku wa tatu tukavuka hadi Kigoma, baadaye tukaletwa Nyarugusu.

Nyanya hatukumwona tena. Jina lake halimo katika karatasi yoyote, kwa kuwa karatasi huandika waliofika.

Ndugu zangu, naomba shuleni tufungue daftari la waliobaki njiani. Kila jamaa ilete jina, kijiji na mwaka. Wazee waseme, wanafunzi waandike. Tuanze wiki hii, wazee wangali nasi.