Daftari la Mlinda Barua



Hivi karibuni mama mmoja wa hapa Matiliku alitujia akilia. Barua yake ya kumwombea mwanawe msaada wa karo ilitumwa kwa intaneti katika ofisi moja, wala hakuna aliyeiona. Mashine ya kuchuja barua iliitia katika kapu la taka, na siku ya mwisho ikapita.

Tulimwuliza kijana anayeitunza mashine ile. Programu yake, SpamAssassin, iliyoanza mwaka 2001, huweka daftari la maneno: neno hili limeonekana mara ngapi katika barua njema, na mara ngapi katika mbaya. Kwa kawaida haihukumu kwa daftari hilo mpaka ifundishwe barua 200 za kila aina. Maneno yakizidi 150,000, yale yasiyoonekana kwa muda mrefu hufutwa. Lakini neno lisemwalo kila siku halifutiki, hata likiwa limefundishwa vibaya. Watu wa ofisi walikuwa wakitupa katika taka kila barua iliyowachosha, nazo nyingi zilikuwa za wazazi. Basi neno "karo" likahesabiwa ovu!

Sisi wa Ukambani twajua palizi. Mkono wenye haraka hung'oa na kunde.

Kijana alikaa jioni mbili akizitoa barua zile moja moja, akiifundisha mashine upya. Ya yule mama ilikuwamo. Ofisi imeipokea, ingawa imechelewa. Jibu tungali twalingoja. Nasi kila Ijumaa twafungua kapu la taka la kanisa.