Njaa Tuijue, Tuiongoze

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu

 

Kamati imetuomba tuseme machache kuhusu afya kabla ya chakula kuandaliwa. Tunafahamu kwamba si adabu kuwahutubia watu wenye njaa, tena harufu ya samli ikiwa imekwisha kufika ukumbini. Lakini njaa ndiyo mada yetu, na huenda hakuna saa bora ya kuizungumza kuliko hii.

Katika familia nyingi za jumuiya yetu, kisukari kimekuwa kama ndugu wa nyumbani: kila mtu anamjua, wala hakuna anayemshangaa. Wapo wenzetu ambao leo hawapandi tena ngazi za hekalu kwa sababu ya miguu iliyodhoofishwa na ugonjwa huo. Wapo walioacha kusoma maandiko kwa kuwa macho hayaoni tena herufi.

Mwaka 1991 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Kaushik Ramaiya, Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao. Walipima watu zaidi ya 1,100 kutoka jamii saba za Kihindu. Kisukari kilikuwa kingi, lakini hakikuwa sawa kwa wote: jamii moja ilizidi nyingine kwa mbali. Miaka miwili kabla yake, baadhi ya wataalamu hao walikuwa wamechapisha matokeo ya vijijini Tanzania, ambako walikuta mgonjwa asiyefika hata mmoja katika kila watu 100. Leo ugonjwa huo umevuka ua, na majirani zetu nao wanaujua. Kwa hiyo tunayosema hapa si ya Wahindu peke yao.

Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kwa watu wa asili ya Asia hatari huanza mapema, hata kwa uzito ambao kwa wengine huhesabiwa kuwa wa kawaida. Mtu wa kimo cha sentimita 165 asisubiri kilo 68 ndipo ajihadhari. Kwetu sisi inafaa kuanza kuangalia anapokaribia kilo 63.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu akonde kama ufito. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulifuatilia watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 si zaidi ya kilo 6.

Kilo 6 tu! Mbona basi zinatushinda? Hatukosi elimu. Kila mmoja wetu anaweza kutaja vyakula vinavyonenepesha. Kinachotushinda ni njaa. Wahenga walisema: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Mtu aliyelegezwa na njaa hakumbuki ushauri wa daktari.

Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani walitambua homoni iitwayo ghrelini, itokayo tumboni na kuupelekea ubongo ujumbe wa njaa. Homoni hii hupanda karibu na saa tulizozoea kula. Ndiyo maana sisi wenye maduka, ikigonga saa kumi jioni, tunaisikia njaa ya chai na ganthia hata kama chakula cha mchana kilikuwa kizito. Mwili umejifunza saa, na kilichofunzwa kinaweza kufunzwa upya. Aidha, mtu akipungua uzito, ghrelini yake huongezeka, na hali hiyo imeonekana hata baada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo anayepungua na kuona njaa imezidi asiambiwe kwamba ni mlafi au hana nia. Mwili wake unadai kilichopotea, kama mdai anavyofuata deni lake.

Lugha ya Kiswahili inatusaidia kupambanua. Njaa ni haja ya mwili; uchu ni haja ya ulimi. Mwenye njaa atakula ndizi na maharage akashukuru. Mwenye uchu atayakataa maharage, ataulizia jalebi. Kabla ya kunyoosha mkono, tujiulize: je, maharage yangetosha? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi tule bila hofu. Ikiwa ni hapana, tunywe maji, tutembee kidogo, tungoje. Mara nyingi uchu hupita.

Njaa ya kweli haitibiwi kwa kujinyima kabisa. Bhagavad Gita, katika sura ya 6, inawaweka mlafi na ajinyimaye katika safu moja: wote wawili wako mbali na yoga. Anayeruka mlo wa asubuhi na wa mchana kwa kujisifu, usiku hula ya siku nzima. Njaa huongozwa kwa vyakula vinavyokaa tumboni: dengu, choroko, maharage, mtindi usiotiwa sukari, na mboga za majani. Hapa Kagera tumebarikiwa, kwa kuwa jirani zetu Wahaya wamepika ndizi pamoja na maharage tangu enzi za mababu. Sisi tusiokula nyama tunaweza kujifunza mengi katika sufuria hiyo, ila senene tutawaachia wenyewe! Tuanze mlo kwa mboga na dengu, wali na rotli vifuate. Tule polepole, kwani huchukua takribani dakika 20 tumbo kuujulisha ubongo kwamba limeshiba. Na tulale vya kutosha, kwa maana usiku mfupi huongeza njaa ya kesho.

Yapo pia ya mfungo. Ekadashi hutujia mara mbili katika kila mwezi mwandamo, nayo ni shule nzuri ya kuifahamu njaa: mfungaji huiona ikija, ikipanda, kisha ikitulia. Lakini siku hiyo ikijaa sabudana ya kukaangwa, viazi vya mafuta na karanga za sukari, nafaka imeachwa ila mfungo haupo. Matunda, maziwa na maji yanatosha. Wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari wamwone daktari kabla ya kufunga, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla na kuhatarisha maisha. Nasaha hiyo inawafaa pia majirani zetu wanaofunga Ramadhani na Kwaresima.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni upendo wetu. Kwa Wagujarati, mwenyeji asiyemsihi mgeni aongeze huonekana bahili; kwa Wahaya pia mgeni haondoki hivi hivi. Mtu anaweza kuishinda njaa yake nyumbani wiki nzima, kisha akashindwa na mkono wa shangazi wenye kijiko cha shiro. Mzigo huu hawezi kuubeba peke yake. Ni wetu sote.

Kwa hiyo tunaliomba hekalu letu, katika mwaka huu mpya wa uhai wake, likubali mambo matatu. Kwanza, prasad ibaki takatifu na iwe ndogo, kwa kuwa baraka haipimwi kwa gramu. Pili, mboga, dengu na chaas viwekwe mwanzo wa meza, na vitamu viwe mwisho. Tatu, anayegawa chakula aulize mara moja tu, na mgeni akisema ameshiba, aaminiwe.

Tukifanya hivyo, hatutapunguza ukarimu wetu. Tutakuwa tumewakirimu wenzetu kwa miaka zaidi ya kuketi nasi hapa. Sasa chakula ki tayari. Karibuni mezani, mle kwa furaha, na mkishiba mseme.