Waya wa Taa Tano

Msikilizaji, mwezi uliopita nilipanda darini nyumbani kwa baba mkubwa, pembezoni mwa mji wa Lushoto. Mbele yangu alikuwa fundi umeme, tochi ameibana kwa meno. Huko juu kuna masizi ya miaka mingi ya kuni za jikoni, mavi ya panya, na vumbi jekundu linaloingia kila kiangazi. Waya ulikuwa umelazwa juu ya boriti, umeshikizwa kwa klipu zilizoota kutu. Fundi akaushika kwa vidole viwili, akaukunja kidogo tu, kama mtu anayepima iwapo jani la tumbaku limekauka. Ganda likapasuka. Vipande vikadondoka juu ya mbao, na shaba ikabaki uchi, inang'aa, sentimita chache tu kutoka kwenye boriti.

Chini yetu shangazi alikuwa anachemsha chai kwa birika la umeme.

Umeme ule waliuvuta miaka ya themanini, na siku ile ilikuwa sherehe. Taa tano: sebuleni, vyumba vitatu, na moja barazani. Ikaongezwa soketi moja kwa ajili ya redio. Taa tano za wati 60 ni wati 300. Kwa umeme wetu wa volti 230, hiyo ni ampea moja na kidogo. Waya ule uliubeba mzigo huo bila kuchoka, na ungeubeba hadi leo kama tungeuachia kazi yake.

Lakini hatukuuachia. Ilikuja pasi, ikaja friji, likaja birika la wati 2,000. Kisha ikaja shawa ya umeme, na hapo, ndugu zangu wa milimani, sote tunaelewana. Anayeishi Tanga mjini anaoga maji ya bomba bila kufikiri. Sisi mwezi wa Juni na Julai, ukungu umekaa juu ya msitu wa Magamba hadi saa nne asubuhi, mzee wa miaka sabini na tisa haogi maji ya baridi. Wajukuu walimletea baba mkubwa shawa kwa mapenzi kabisa. Ile shawa ni kilowati 5. Gawa kwa volti 230, unapata karibu ampea 22. Fundi wa siku ile akauchukua umeme kutoka kwenye waya wa taa ya sebuleni, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, na fyuzi ilipokatika mara mbili wakaitia waya mnene usiokatika. Yaani kile kitu kimoja kilichowekwa ili kipige kelele kabla nyumba haijaungua, kilizibwa mdomo.

Na ethi haikuwepo. Shangazi alisema kwa utulivu, kama anayesimulia habari za mvua, kwamba ukigusa bomba la bafuni wakati shawa inawaka, mkono unaingia ganzi. Ameoga hivyo muda mrefu, akidhani ndivyo zilivyo shawa za umeme.

Basi tukaomba makadirio. Fundi aliyaandika kwenye karatasi ya daftari, na nataka tuyapitie, maana watu wengi wanaogopa jumla bila kujua imejengwa na nini. Ufundi unahesabiwa kwa pointi: kila taa, kila swichi, kila soketi ni pointi. Nyumba iliyoanza na taa tano sasa inataka pointi 20 na zaidi. Halafu waya: wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, wa 2.5 kwa soketi, na wa 6 unaotoka moja kwa moja kwenye meni swichi kwenda bafuni bila kugawana na kitu kingine. Halafu mabomba ya kupitishia waya, breka, na fito ya ethi ya kuchimbiwa ardhini. Kila kimoja kimepanda kutoka Mombo, kona baada ya kona kwa kilomita 30 na ushee, na nauli ya mzigo imo ndani ya bei. Jumla ilizidi kidogo milioni moja na nusu. Baba mkubwa aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa koti. Hakusema neno.

Kinachopandisha hesabu ile zaidi ya vyote ni shaba, na bei ya shaba haipangwi Lushoto wala Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024 tani moja ilivuka dola 11,000 katika soko la metali la London. Mzee wa Usambara anayetaka kubadilisha waya wa bafuni anasimama foleni moja na viwanda vya magari ya umeme vya China. Ndiyo maana pia waya wa bandia umejaa madukani: rangi nzuri, maandishi mazuri, ila roli ni jepesi mkononi, na ukikwangua kwa kisu, chini ya wekundu wa shaba unatokea weupe wa aluminiamu. Ukinunua huo, umerudisha ugonjwa darini kwa pesa yako mwenyewe.

Kwa wenye nyumba za mawe zilizobaki tangu mji huu ukiitwa Wilhelmstal, mambo ni magumu zaidi. Kuta zile nene hazichimbwi mfereji kwa urahisi, na ukizichimba unaziumiza. Huko afadhali waya upite nje ya ukuta ndani ya tranki. Wapo wanaoona haipendezi. Mimi naona inapendeza kuliko moto.

Tena kuna jambo la rangi, na hili naomba lisikike vizuri. Waya wa zamani ulifuata desturi ya Waingereza: mwekundu ni moto, mweusi ni nyutro, kijani ni ethi. Waya wa sasa, kahawia ni moto, buluu ni nyutro, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Katika mpangilio mpya wa fezi tatu, mweusi ni moto. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili tatu ina rangi zote hizo darini, zimefungwa pamoja kwa utepe. Fundi asiyejua historia ya nyumba anaweza kushika kifo akidhani ameshika nyutro. Kwa hiyo fundi aulizwe leseni ya EWURA kabla hajapanda ngazi. Kumuuliza si kumdharau. Fundi wa kweli anayo na anaitoa.

Sasa nirudi kwenye Mei 2024. Mwezi uleule shaba ilipopaa London, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi jikoni. Naunga mkono kwa moyo wote. Mtu aliyekulia milimani hahitaji kuelezwa kuni zimeufanya nini msitu wa Usambara, wala moshi umeyafanya nini macho ya mama zetu. Nchi imejitahidi pia kuufikisha umeme mlangoni: kwa miradi ya REA mwananchi wa kijijini ameunganishwa kwa shilingi 27,000, na zile bodi za UMETA zimewasaidia wenye vyumba vichache wasioweza gharama za wayaringi.

Lakini miradi hiyo ilimtazama aliye gizani akitafuta taa ya kwanza. Huyu aliyepata taa zamani, ambaye nyaya zake zimezeeka pamoja naye, nani anamtazama? TANESCO kazi yake inaishia kwenye mita. Kutoka mita kwenda ndani ni mali yako na jukumu lako. Tunamwambia apike kwa umeme, na jikoni kwake umeme unafika kwa waya uliokusudiwa redio.

Mimi napendekeza mkopo wa wayaringi, ulipwe kidogo kidogo kupitia Luku. Njia hiyo ipo na tunaijua: tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kila mwezi tunaponunua umeme. Kama Luku inaweza kukusanya kodi ya jengo, inaweza kukusanya marejesho ya kulifanya jengo hilo lisiungue. Fundi mwenye leseni afanye kazi, mkaguzi aikague, ndipo alipwe. Ombi hili nalielekeza kwa Wizara ya Nishati, na kwa wabunge wetu wa milimani walibebe.

Wakati tunasubiri, familia tuzungumze. Watoto wa Lushoto tumetawanyika Dar es Salaam, Arusha, Tanga. Tukirudi Krismasi au Idi tunabadilisha bati, tunaweka vigae, tunapaka rangi, jirani anaona na kusifu. Darini hakuna mgeni anayepanda. Kwetu tuliichangia ile karatasi ya daftari baada ya siku tatu za simu, na hazikuwa simu za upole. Pesa haikutosha yote. Fundi akasema kazi inaweza kugawanywa: kwanza meni swichi mpya yenye breka zinazokata kweli, na ethi, kisha waya mmoja mzito, taa zisubiri, maana mzigo wake ni mdogo.

Ikabaki waya mzito uanze kwenda wapi, jikoni au bafuni. Kaka akasema jikoni. Dada akasema jikoni. Baba mkubwa, aliyekuwa kimya tangu siku ya makadirio, akaiomba simu, akasema, "Bafuni. Shangazi yenu anaoga akiogopa, ila hawaambii."

Fundi anaanza Jumatatu.