Ng'ombe Akifa Ghafla, Usimchune

 

Siku moja mama alimleta mtoto kliniki akiwa na kidonda mkononi. Kilianza kama kipele cha kuwasha, kikavimba, katikati kikawa cheusi, lakini hakikuuma. Nilipomwuliza, mama alisema polepole, "Sista, ng'ombe alikufa usiku. Tulimchuna, majirani wakagawana nyama." Mtoto alikuwa amesaidia kubeba ngozi. Tulishuku kimeta. Alipewa dawa mapema, akapona.

Kimeta ni ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu. Mnyama hufa ghafla, na mara nyingi damu isiyoganda hutoka puani, mdomoni na nyuma. Ukimpasua, unamwaga viini ambavyo hukaa udongoni miaka mingi. Usidhani kwamba kuchemsha nyama hiyo sana kutakuokoa.

Kwa sababu hiyo, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364 ya Sheria za Kenya, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa kama huu amtenge na wengine, na atoe ripoti haraka. Eneo likiwekwa karantini, mifugo haitoki wala haiingii bila kibali.

Najua wengine hapa Kitale na Bungoma huuliza, "Nikiripoti, soko lifungwe, karo nitatoa wapi?" Ni kweli, karantini inaumiza mfuko. Lakini tukumbuke homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007. Iliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, na baadhi yao waliipata kwa kushika au kuchinja mifugo wagonjwa. Soko lililofungwa hufunguliwa tena. Mtoto akifa, harudi.

Kwa hivyo mama, shika haya:

1. Mnyama akifa ghafla, usimpasue, usimchune, usile nyama yake. Fukuza mbwa na watoto.

2. Mwambie daktari wa mifugo, chifu au naibu wake siku hiyo hiyo. Mzoga uchomwe au uzikwe kwenye shimo refu kwa maelekezo yake.

3. Nunua nyama iliyo na muhuri wa mkaguzi. Nyama ya bei rahisi inayopitishwa mlangoni usiku, ikatae.

4. Ukiona kidonda cheusi, au homa na kuhara damu baada ya kula nyama, kimbia hospitali. Sema ukweli, hatutakugombeza.

 Mwambie na jirani.