Aliyewasha Moto Ndiye Alipe



Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 6, kinatupa sheria ya jirani na jirani. Moto ukishika miiba, ukateketeza nafaka ya mwenzako, aliyeuwasha hana budi kulipa. Mungu hakumwambia amkopeshe jirani yake. Alimwambia alipe.

Katika kila watu watano wa dunia, karibu mmoja ni Mwafrika. Lakini hewa chafu inayoongeza joto la dunia, sehemu ya Afrika ni kama 4 tu kwa 100. Ndiyo maana mwezi wa tisa 2023, viongozi wa Afrika walipokutana Nairobi kuhusu tabianchi, mashirika ya raia yaliandamana yakidai haki, si sadaka. Mwaka uliotangulia, huko Misri, mataifa yalikuwa yamekubali kuunda mfuko kwa ajili ya nchi zinazopata hasara. Swali ni hili: pesa zitakuja kama malipo au kama deni? Mtu aliyeunguliwa shamba akapewa mkopo, ameunguliwa mara mbili.

Ila anayedai malipo huulizwa: umepoteza nini, na moto ulitoka wapi? Tukumbuke Kalehe. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko huko Nyamukubi, mvua ilishusha mawe na matope juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengi hawakuonekana tena. Wataalamu walichunguza kama joto la dunia liliongeza nguvu ya mvua ile. Hawakuweza kujibu ndiyo wala hapana, maana vipimo vya mvua vya kutosha havikuwepo. Makaburi tunayo, daftari ya mvua hatuna.

Basi kwa nchi tajiri tuseme: lipeni, msikopeshe. Kwa serikali yetu: wekeni vipimo vya mvua milimani, andikeni hasara za watu, na pesa zikifika mtuonyeshe zimefika kwa nani. Na sisi tunaokata miti ya mlimani kwa ajili ya makala, sheria ya moto inatuhusu pia. Jirani wa bondeni anatudai.

Juma hili, kila jumuiya ndogo ichukue daftari moja. Iandike nani alipoteza nini kwa mafuriko: jina, nyumba, shamba, tarehe. Nakala ibaki parokiani. Siku ya kudai, tusiende mikono mitupu.

Bwana aliyesikia damu ya Abeli ikilia kutoka ardhini, awasikie na waliofunikwa na mawe ya Kalehe. Awabariki nyote. Amina.